Utambi Unyweshao Mimea: Historia ya Chombo Kidogo

Mara nyingi habari za kale husimuliwa kwa kutaja wafalme, vita na miji mikubwa. Leo twapenda kueleza historia ya kitu kidogo mno, ambacho urefu wake haupiti shibiri moja, nacho ni utambi. Wala hatusemi juu ya utambi uletao mwanga, bali utambi uletao maji kwenye mizizi ya mmea uliopandwa chunguni. Tutaona ya kuwa habari zake zimepita Uyunani, China, Uingereza na Marekani, na ya kuwa ua moja la milima ya Usambara limo ndani ya hadithi hii.

Kila mtu aijua taa ya mafuta. Mafuta yako chini, moto uko juu, wala hapana mtu ayapandishaye mafuta kwa mkono. Utambi ndio uyanyonyao. Kabla ya mafuta ya taa kuenea, wazee wa pwani waliwasha mafuta ya nazi na ya ufuta katika visahani, na utambi wao ulikuwa wa pamba iliyosokotwa. Kadhalika, mwanamke achotaye maji akiiacha ncha ya kanga yake iguse maji, baada ya kitambo kidogo huona kanga imelowa hata mahali pasipoguswa na maji. Basi hapa maji yameiacha desturi yake. Sote twajua kwamba maji hufuata mteremko, lakini katika uzi na kitambaa yapanda juu. Jambo hili huonekana kila siku, na kwa sababu hiyo watu wengi hawaulizi maana yake.

Watu wa kale wa Uyunani walilijua. Katika karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mwanafalsafa Plato wa mji wa Athens aliandika kitabu juu ya karamu moja. Humo Socrates asema kwa mzaha ya kuwa lingekuwa jambo jema kama hekima ingeweza kutoka kwa mtu aliyejaa ikaingia kwa mtu mtupu, mfano wa maji yapitayo katika uzi wa sufu kutoka kikombe kilichojaa hata kikombe kisicho na kitu. Mfano huu haukuhitaji maelezo, na hapo twajifunza ya kuwa wasomaji wake walikwisha kuona jambo hilo kwa macho yao.

Walakini kujua jambo ni kitu kimoja, na kulitia kazini ni kitu kingine. Yatupasa sasa kwenda China. Katika karne ya 1 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, zama za utawala wa Han, alikuwako mtu aitwaye Fan Shengzhi, aliyewafundisha watu kilimo katika nchi kavu ya kaskazini. Aliandika kitabu cha ukulima, na ndani yake alieleza namna ya kupanda matikiti. Mkulima na achimbe shimo la duara, upana wake kiasi cha sentimita 70. Katikati auzike mtungi wa udongo uingiao maji kiasi cha lita 6, mdomo wake uwe sawasawa na ardhi. Aujaze maji, apande mbegu nne, moja kwa kila upande wa mtungi, kisha aufunike mdomo kwa kigae. Kila maji yapunguapo, ayaongeze, mtungi usikae mtupu.

Werevu wa kazi hii ni upi? Twajua ya kuwa mtungi usiopakwa rangi ya kung'aa hutoka jasho. Ndiyo maana maji yake huwa baridi hata wakati wa jua kali. Udongo wake uliochomwa una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mtungi ukizikwa, jasho lile haliendi hewani, bali hunyonywa na udongo mkavu ulio kando yake, na mizizi ya matikiti huifuata njia hiyo. Udongo ukilowa vya kutosha, maji hutoka polepole. Ukikauka, maji hutoka upesi. Mkulima hapimi, wala hakisii; mmea wenyewe na udongo wake ndio waitao maji. Isitoshe, jua haliyapati maji yale, kwa kuwa yamefichwa chini na kufunikwa.

Hapa tuna neno la kuwaambia wanafunzi. Kitabu cha Fan Shengzhi kilipotea. Kama si mtu mwingine, Jia Sixie, aliyeishi katika karne ya 6, kunakili sehemu zake katika kitabu chake kikubwa cha ukulima, tusingaliipata leo habari ya ule mtungi. Maarifa ya mkulima mmoja yaliokolewa na kalamu ya mwingine baada ya miaka zaidi ya 500. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Bara Hindi waliyatia tena majaribuni mambo ya mitungi iliyozikwa, wakaona ya kuwa yawafaa sana wakulima wa nchi zenye maji haba.

Sasa tuulize sababu. Kwa nini maji hupanda katika uzi? Mwanzoni mwa karne ya 18, Francis Hauksbee wa London, aliyekuwa akionyesha majaribio mbele ya chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society, alichukua mirija ya kioo myembamba akaitumbukiza ncha zake majini. Maji yalipanda ndani. Wengine walidhani kwamba hewa ndiyo iyasukumayo, basi akafanya jaribio lile katika chombo kilichoondolewa hewa, na maji yakapanda vilevile. Habari hizo alizipiga chapa mwaka wa 1709. Mwaka wa 1718 James Jurin alionyesha kanuni yake: kadiri mrija uwavyo mwembamba, ndivyo maji yapandavyo juu zaidi. Katika mrija wa kioo wenye upana wa milimita 1, maji hupanda kiasi cha sentimita 3. Upana ukiwa sehemu ya kumi ya hiyo, hupanda kiasi cha sentimita 30. Sababu ni kwamba maji hupenda kushikamana na kioo au uzi, tena hupenda kushikamana yenyewe kwa yenyewe. Yale ya mbele yaparamiapo, huyavuta ya nyuma. Uzi wa pamba si kitu kingine ila nyuzi nyingi nyembamba zilizokaribiana, na nafasi zilizo baina yao ni kama mirija mingi midogo.

Wakati huohuo mchungaji mmoja wa kanisa huko Teddington, karibu na London, jina lake Stephen Hales, alitaka kujua mmea hunywa maji kiasi gani. Mwaka wa 1724 alichukua alizeti iliyopandwa chunguni, akaufunika mdomo wa chungu kwa bamba la risasi ili maji yasipotee ila kwa njia ya majani, akaupima mmea asubuhi na jioni kwa siku 15. Aliona ya kuwa alizeti ile moja ilitoa kwa wastani ratili 1 na wakia 4 za maji katika saa 12 za mchana, yaani zaidi ya nusu kilo. Habari hii ilitoka katika kitabu chake cha mwaka 1727. Mtu akiisoma hesabu hiyo aelewa kwa nini mche wa chunguni hufa upesi. Mti wa shambani waweza kupeleka mizizi yake mbali kutafuta maji, lakini wa chunguni ni kama mfungwa. Hana pengine pa kwenda, na akiba yake ni kile kidogo alichopewa.

Tufike sasa nyumbani. Katika misitu ya Usambara, juu ya majabali yenye kivuli, humea ua dogo lenye majani ya manyoya na rangi ya urujuani. Wenyeji walikuwa wakiliona tangu zamani. Mwaka wa 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa afisa wa serikali ya Kijerumani katika wilaya ile, alilipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Baba yake alimwonyesha Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen, naye mwaka wa 1893 akaliandika kwa jina la Saintpaulia. Wajerumani wa kawaida waliliita urujuani wa Usambara. Katika miaka ya 1920 mbegu zake zilifika California, wenye bustani wakazalisha aina mpya, na mwaka wa 1946 wapenzi wa ua hili katika Marekani waliunda chama chao. Mwaka wa 2015 wataalamu wa mimea waliliingiza katika jamii ya Streptocarpus, lakini katika madirisha ya nyumba za ng'ambo lingali likipendwa kama kwanza.

Ua hili lina tabia ngumu. Likikosa maji hunyauka. Likizidishiwa, mizizi huoza. Na maji ya baridi yakiangukia majani, huyatia madoa. Ndipo wengi walitunzao walipoufuata utambi. Hivyo uzi ule wa Socrates ulikutana na ua la Usambara, katika nchi ambazo Socrates hakuzijua wala wenyeji wa Usambara hawakuziona. Nalo ua lenyewe, porini kwake, lina hatari, kwa kuwa misitu hukatwa, na aina zake kadhaa zimehesabiwa miongoni mwa mimea iwezayo kutoweka. Ni jambo la kuhuzunisha ikiwa litanyweshwa kwa uangalifu katika madirisha ya mbali, huku mabonde lilikozaliwa yakiachwa yakauke.

Utambi wafanyizwaje? Toboa tundu chini ya kopo au chungu. Pitisha uzi mnene wa pamba, au kamba ya nailoni ambayo haiozi upesi. Ncha moja ikae katikati ya udongo, ya pili ining'inie chini. Ulowanishe uzi kwanza, maana uzi mkavu huchelewa kunyonya. Udongo uwe mwepesi, uliochanganywa na mchanga na mboji. Udongo wa mfinyanzi hushika maji mno. Mwagia maji juu mara moja ya kwanza, kisha weka chungu juu ya chombo cha maji, utambi uguse maji lakini chungu kisiyaguse. Funika chombo barabara, mbu wasipate mahali pa kutaga mayai. Kila baada ya majuma machache mwagia maji kwa juu, ili chumvi zilizokusanyika udongoni zioshwe.

Angalieni pia tofauti hii. Uzi ushukao kutoka chombo kilicho juu, kama ule wa vikombe vya Uyunani, huendelea kutiririsha maji hata chombo kiishe, mmea utake usitake. Lakini utambi upandao kutoka chini hutoa kwa kadiri udongo ukaukavyo. Kwa hiyo huu wa pili ndio ufaao zaidi kwa mche wa chunguni.

Huenda mtu akasema ya kuwa haya ni mambo ya maua na mapambo. Sivyo. Mche wa mwembe, wa mchungwa au wa mnyanya uliomo koponi wakati wa kiangazi ni chakula cha miaka ijayo, na kila ndoo ya maji huletwa kichwani na mtu, mara nyingi mama au binti, kutoka kisima cha mbali. Maji yakimwagwa juu ya udongo mkavu, sehemu huchukuliwa na jua na sehemu hupita chini bure, na jasho la mchotaji hupotea pamoja nayo. Yeye alindaye ndoo moja isipotee amempunguzia mama yake safari.

Basi, walimu na wanafunzi, jaribuni kwa miche miwili, mmoja wenye utambi na mwingine usio nao, mkapime maji ya kila mmoja kama alivyopima Hales. Tena waulizeni wazee wenu juu ya mitungi, visima na bustani za zamani, mkayaandike majibu yao. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa matone machache yapandayo katika uzi, mche waweza kukivuka kiangazi. Kwaherini.