Wimbo wa Dakika Nne Ulioimbwa Milango Imefungwa

Ukiusikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni wimbo wa kubembelezea mtoto. Hauna ngoma, hauna kinanda, hauna mbwembwe. Ni sauti nne tu za watu: soprano, alto, tena na besi. Dakika kama nne hivi, umeisha.

Lakini mwaka ulipochapishwa, 1605, kitabu chenye wimbo huu kilikuwa msala. Mwaka huohuo Mfaransa mmoja alikutwa nacho kwenye baa moja mjini London, akabebwa moja kwa moja hadi gereza la Newgate. Hakuwa na bunduki wala sumu. Alikuwa na nota za muziki.

Wimbo unaitwa Ave Verum Corpus, na mtunzi ni William Byrd.

Uingereza ya wakati ule

Kuelewa stori lazima urudi nyuma kidogo. Tangu 1559, chini ya Malkia Elizabeth I, kila mtu alitakiwa kusali kwenye kanisa la serikali. Usipoenda Jumapili, faini senti 12. Mwaka 1581 faini ikapandishwa mpaka pauni 20 kwa mwezi, hela ambayo kibarua wa kawaida hakuipata kwa mwaka mzima. Mwaka 1585 mambo yakawa mazito zaidi: padri Mkatoliki aliyepewa upadri ng'ambo akikamatwa nchini, anahesabiwa msaliti. Adhabu ni kifo.

Sasa cheki hapa. Byrd alikuwa Mkatoliki, na wakati huohuo alikuwa mwanamuziki wa kanisa la malkia mwenyewe! Malkia alimpenda kwa kipaji chake. Mwaka 1575 yeye na mwalimu wake Thomas Tallis walipewa haki ya kuchapisha muziki nchini kwa miaka 21. Pamoja na hayo, familia yake ilishtakiwa mara kwa mara kwa kutokwenda kanisani.

Miaka ya 1590 akahamia kijiji cha Stondon Massey, Essex, karibu na familia tajiri ya Kikatoliki iliyoishi Ingatestone Hall. Nyumba hiyo ipo mpaka leo, na ndani yake kuna vijishimo vya siri vya kuficha mapadri. Misa zilisaliwa kwenye nyumba za namna hii, watu wachache, kimyakimya. Ndiyo maana nyimbo zake za kipindi hiki ni fupi na zinahitaji waimbaji wachache.

Ufunguo: siri iko kwenye neno moja

Kwa lugha ya leo watu husema wimbo uko G maina, ile rangi ya huzuni. Kwa watu wa enzi zile, hesabu ilikuwa ya ngazi za kale za kanisa, siyo meja na maina kama tunavyozijua. Pia hapakuwa na kipimo kimoja cha sauti, kwa hiyo kwaya za leo huupandisha au kuushusha kulingana na waimbaji walionao.

Utamu uko mwanzoni kabisa. Soprano anaimba F iliyopandishwa nusu, halafu papo hapo besi anajibu na F ya kawaida. Sikio linashtuka, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Na mshtuko huo unaangukia neno gani? "Verum", yaani "wa kweli".

Si bahati mbaya. Ugomvi mzima ulikuwa hapo: je, mkate wa Ekaristi ni mwili wa kweli wa Kristo? Wakatoliki walisema ndiyo. Kanuni za kanisa la Uingereza za 1571 zilikataa mafundisho kwamba mkate unageuka. Byrd hakuandika hotuba. Aliliwekea uzito neno moja tu, na aliyekuwa mle chumbani alielewa.

Mwendo: nani kasema uwe taratibu?

Kwenye nota zake hakuna sehemu iliyoandikwa "taratibu" au "haraka". Metronomu yenyewe ilipewa hataza mwaka 1815, miaka zaidi ya 200 baadaye. Waimbaji walifuata mkono unaoshuka na kupanda, na waandishi wa muziki wa enzi hizo waliulinganisha mwendo huo na mapigo ya moyo wa mtu aliyetulia. Kwa hiyo kwaya inayouvuta mpaka unalala, na ile inayousukuma kidogo, zote zina haki yake. Pumzi na maneno ndiyo saa.

Hisia: giza, halafu mwanga

Karibu na mwisho sauti zinaomba huruma, zinarudia tena na tena, moja ikimpokea mwenzake. Ombi lenyewe ni la mtu mmoja: nihurumie mimi. Kwa watu waliosali huku wakisikilizia mlango kugongwa, hilo halikuwa pambo.

Halafu inakuja Amina, na akodi ya mwisho si maina tena. Ni G meja. Kama mtu kafungua dirisha.

Novemba 1605 njama ya kulipua Bunge iligunduliwa, na Wakatoliki wakabanwa upya. Byrd hakurudi nyuma. Alitoa kitabu cha pili 1607, na 1610 vyote viwili vikatolewa tena. Alifariki 1623, bado Mkatoliki.

Leo wimbo huu unaimbwa hata kwenye makanisa makubwa ya Kianglikana huko Uingereza, milango ikiwa wazi. Weka earphone, sikiliza lile neno la pili, halafu sema kwenye comment: ulishtuka au hukushtuka?