Sarafu za Kilwa na Mchanga wa Pwani: Historia ya Kutafuta Fedha za Kale

Miongoni mwa vitu vya kale ambavyo bahari huvifukua katika fukwe za Afrika Mashariki, ni vichache vilivyozua mjadala mrefu kama sarafu ndogo za shaba zilizotengenezwa Kilwa Kisiwani kuanzia karne ya 11, wakati mji huo ulipoanza kushika nafasi kubwa katika biashara ya Bahari ya Hindi. Sarafu hizo ni nyembamba, nyingi zina upana wa sentimita 2 hivi, na zikikaa muda mrefu katika chumvi huota kutu ya kijani inayoziba maandishi yake. Upande mmoja una jina la mtawala kwa Kiarabu na upande wa pili una maneno ya kumtukuza Mungu, ambayo kwa kawaida husema kwamba mtawala huyo anamtegemea Mola Mwenye fadhila. Na kwa ustadi wa kupendeza mno, maneno ya upande mmoja hukamilisha kina cha upande wa pili, kiasi kwamba sarafu nzima husomeka kama ubeti mfupi unaoanzia kwenye uso mmoja na kumalizikia kwenye mwingine.

Uzuri huo una upungufu mmoja mkubwa kwa mwanahistoria, kwani sarafu za Kilwa, tofauti na fedha nyingi za ulimwengu wa Kiislamu wa zama hizo, hazikuandikwa mwaka wala mahali zilipotengenezwa. Hata zikisafishwa vizuri na jina likasomeka lote, haziwezi kueleza zenyewe mtawala huyo aliishi lini. Jawabu hilo hutegemea mambo mengine, yaani sarafu iliokotwa wapi, katika tabaka gani la udongo na pamoja na vitu gani. Kwa sababu hiyo historia ya sarafu hizi haiwezi kutenganishwa na historia ya namna zilivyotafutwa na kuokotwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake limo katika idadi kubwa ya sarafu hizo, na ambaye masimulizi ya Kilwa humtaja kuwa mwanzilishi wa nasaba ya Washirazi. Masimulizi hayo, yaliyohifadhiwa katika nakala ya Kiarabu na katika maandishi ya Mreno João de Barros ya mwaka 1552, yalifanya ionekane kwamba alitawala katika karne ya 10. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji mkubwa wa kiakiolojia Kilwa katika miaka ya 1950 na 1960, alilinganisha matabaka ya udongo na vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka ng'ambo, akakata shauri kwamba mtawala huyo aliishi karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984 ikapatikana Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zenye mtindo uleule wa vina, na miongoni mwa majina yaliyosomeka lilikuwamo la Ali bin al-Hasan. Jambo lililoipa hazina hiyo thamani isiyo na kifani ni kwamba sarafu hizo za fedha zilikuwa pamoja na dinari chache za dhahabu, zikiwemo za watawala wa Kifatimi wa Misri, ambazo huandikwa mwaka. Na dinari ya karibuni zaidi kati ya hizo ni ya miaka ya 1060. Fedha isiyo na tarehe ikawa imelazwa kando ya dhahabu yenye tarehe, na kwa ujirani huo peke yake mtawala aliyesogezwa mbele na nyuma kwa zaidi ya karne mbili akapata makao yake katika karne ya 11. Lau mtu angezifukua dinari hizo usiku na kuziuza kwa sonara, kisha akazitawanya zile za fedha kwa wanunuzi mbalimbali, kosa hilo la miaka lisingesahihishwa.

Sarafu nyingi zilizo katika makusanyo ya zamani, hata hivyo, hazikupatikana kwa uchimbaji wa aina hiyo, bali ziliokotwa ufukweni. Kisimani Mafia, mji wa kale uliokuwa na mafungamano ya karibu na Kilwa, umekuwa ukimegwa na mawimbi kwa muda mrefu, na sarafu zilizokuwa chini ya nyumba zake zimeanguka pwani, ambako maji yakitoka huonekana juu ya mchanga. Ukusanyaji huo haukuwa bure, kwani John Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, aliyechapisha uchunguzi wake wa kwanza wa sarafu za Kilwa mwaka 1936, na baada yake G. S. P. Freeman-Grenville, walitegemea kwa kiasi kikubwa sarafu za namna hiyo. Ila sarafu iliyokwisha kusukwasukwa na mawimbi imepoteza tabaka lake, na orodha za wafalme zilizojengwa juu ya sarafu kama hizo zimelazimika kupangwa upya mara kadhaa.

Umbali ambao sarafu hizi zilifika ni jambo jingine la kustaajabisha. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa aliyejenga kasri la Husuni Kubwa na kumpokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, imepatikana Great Zimbabwe, na imekuwa ushahidi muhimu wa njia ya dhahabu iliyounganisha nyanda za juu za kusini na bandari za pwani. Habari ya Australia ni ngumu zaidi. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, askari wa jeshi la anga aliyehudumu katika kituo cha rada kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota katika mchanga sarafu 9, ambazo 4 zilikuwa za kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki na 5 zikaja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Alizihifadhi katika kikopo hadi mwaka 1979 alipozipeleka kwa wataalamu, na kwa bahati njema aliweka pia alama mahali hapo kwenye ramani ya mkono. Alama hiyo ndiyo iliyomwezesha mwanaanthropolojia Ian McIntosh kuongoza msafara mwaka 2013 kurudi katika ufukwe huo. Msafara haukupata sarafu nyingine ya Kilwa, na swali la aliyezifikisha huko, kama ni baharia wa Kireno, wa Kiholanzi au wa Asia ya Kusini-Mashariki, limebaki wazi, kwa kuwa tabaka zilimolala halikuchunguzwa siku zilipookotwa.

Isenberg hakutumia mtambo wowote, bali macho. Leo kazi hiyo hufanywa kwa kifaa cha kutambulia metali, ambacho wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania hukiita ditekta. Ndani ya duara la kifaa hicho mna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita humo hutengeneza uga wa sumaku unaopenya ardhini, na uga huo ukikuta metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, ambayo kifaa huihisi na kuigeuza kuwa mlio. Alexander Graham Bell alijaribu chombo cha aina hiyo mwaka 1881 akitafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, bila mafanikio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Józef Kosacki, afisa wa Kipolandi, alibuni kifaa cha kubebwa mkononi kilichotumika kusafisha mabomu ya ardhini huko El Alamein mwaka 1942, na vita vilipokwisha vifaa vya jeshi viliuzwa kwa raia. Mmoja wa walionunua ni Kip Wagner wa Florida, aliyekuwa akiokota fedha za Kihispania ufukweni baada ya dhoruba; kwa kifaa hicho aligundua mabaki ya kambi ya manusura wa meli 11 zilizozamishwa na kimbunga mwezi Julai 1715, na kutoka hapo akafika kwenye meli zenyewe.

Kwa hiyo kifaa chenyewe si adui wa historia, na wanaakiolojia nao hukitumia. Hatari imo katika jembe linalofuata mlio, kwa sababu kifaa husema tu kwamba kuna metali, nalo jembe katika dakika chache huvuruga kile ambacho kingechimbwa kwa brashi na kuchorwa kwa siku nyingi. Huko Songo Mnara, jirani na Kilwa, uchimbaji wa utaratibu ulifichua akiba ya zaidi ya sarafu 300 za shaba zikiwa bado mahali pake, na akiba hiyo moja imewafundisha watafiti mengi kuhusu jinsi wenyeji walivyoitumia na kuithamini shaba hiyo kuliko mamia ya sarafu zisizojulikana zilikotoka.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inahesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa urithi unaolindwa, na hairuhusu kukichimbua bila kibali. Mawimbi, hata hivyo, hayaombi kibali, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 1981, yaliwekwa kati ya mwaka 2004 na 2014 katika orodha ya urithi ulio hatarini, mmomonyoko wa bahari ukiwa miongoni mwa sababu. Anayeiona sarafu ya kale pwani, awe mvuvi, mtoto wa shule au mgeni, ana wajibu usiohitaji elimu ya chuo: asiisugue kwa mchanga wala ndimu ili ing'ae, kwani kufanya hivyo hufuta maandishi, aweke alama mahali ilipo, apige picha akiweza, na atoe taarifa kwa ofisi ya Mambo ya Kale au kwa serikali ya kijiji kabla maji hayajajaa tena.