Mpaka wa Sheferi Si Ukuta

Leo tujiulize jambo moja. Mama akitoka Masisi na kukimbilia Rutshuru, mbona mara nyingi shefu wa kule alikotoka na shefu anayempokea hawakai pamoja kuzungumza habari zake? Msiseme haraka kwamba wanachukiana. Jambo hili lina mizizi ya zamani.

Tangu wazee wetu, watu walihama. Kule Bushi, mgeni aliyetafuta shamba alitoa kalinzi kwa mwenye udongo, akapokelewa.

Kisha zikaja sheria zilizoandikwa mbali. Mwaka wa 1910 serkali ya Wabelgiji iliamuru kila mwenyeji awe chini ya sheferi moja, na asihame bila ruhusa. Shefu alivikwa medali. Mwaka wa 1933 amri nyingine ilipanga sheferi na sekta, kila moja na kasa yake ya fedha. Sheferi ndogo ziliunganishwa kuwa sekta kwa amri ya Mzungu. Tangu hapo shefu alijibu kwa Msimamizi wa teritware. Jirani yake hakumdai jibu lolote. Basi tukazoea kutazama juu, tukasahau kutazama kando.

Baada ya uhuru desturi hiyo haikufa. Mwaka wa 1973 serkali ya Mobutu ilitaka mashefu wahamishwe mbali na kwao. Mpango huo haukudumu, lakini amri ilikuwa bado inatoka juu.

Katiba ya mwaka wa 2006 nayo imetoka Kinshasa. Lakini sikieni kifungu chake cha 199: majimbo yanaweza, kwa mapatano, kulinganisha mipango yao na kusimamia kazi fulani pamoja. Ruhusa hiyo inafika hata kwa miji, komini, sekta na sheferi. Sheria inasema «wanaweza», haisemi «lazima». Mlango uko wazi, lakini hakuna atakayetusukuma tuingie.

Basi ninyi mashefu, msingoje barua. Kaeni wawili, yule wa kwao na yule wa ugenini. Andikeni majina ya jamaa zilizokimbia, mashamba yao, na mashahidi wa mipaka. Pataneni juu ya soko na njia mnazotumia wote.

Nanyi jamaa mliokimbia, tajeni wale wanaopakana na shamba lenu pande zote nne, mbele ya mashefu wote wawili, wazee wangali hai. Shamba lililoachwa bila shahidi ndilo moto wa kesho, siku mtakaporudi na kumkuta mwingine analima.

Mpaka uliwekwa ili tujue nani anatawala wapi. Haukuwekwa ili mtu apotee katikati. Kidole kimoja hakivunji chawa.