Kiwiko cha Mtoto Kinapoteguka: Somo Kutoka Cordoba Hadi Milan

Watoto wetu huanguka kila siku, miembeni na kwenye baiskeli, nasi wazazi tumezoea kusema, "Ameteguka tu, akandwe." Lakini ipo aina moja ya kuteguka kiwiko, nadra na yenye hila, ambayo historia yake inatufunza tusiwe wepesi wa kusema hivyo.

Tuanze Andalusia. Tabibu Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu cha al-Tasrif chenye sehemu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, na humo alieleza kuwa kiwiko ni kigumu kuteguka na kigumu pia kurudishwa. Aliwaonya wanaoshika kisu bila kuujua mwili ulivyoumbwa. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu hiyo kwa Kilatini huko Toledo, na madaktari wa Ulaya wakaitegemea kwa karne kadhaa.

Mwaka 1814, Giovanni Battista Monteggia, mpasuaji wa Milan, alisimulia kisa cha msichana aliyeumia mkono. Alidhani umevunjika mfupa mmoja tu, ulna, akaufunga. Mwezi mmoja baadaye, alipounyoosha mkono, kichwa cha mfupa wa pili, radiusi, kilitoka mahali pake. Alifunga tena, hakikutulia. Hakulificha jambo hilo. Aliliandika ili wengine wajifunze, na jeraha hilo likaitwa kwa jina lake.

Monteggia hakuwa na eksirei, kwani Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895. Na mwaka 1967, José Luis Bado wa Uruguay aliligawa jeraha hilo katika aina nne.

Hata hivyo, picha pekee haitoshi. Ulna ya mtoto inaweza kupinda bila kukatika, na daktari akapitiwa. Ndiyo maana mfupa wa mkono wa chini ukiumia, kiwiko na kifundo cha mkono navyo hupigwa picha. Kisha hupimwa mstari ulionyooka katikati ya shingo ya radiusi: katika kila picha uelekee kwenye kinundu cha nje, mwishoni mwa mfupa wa mkono wa juu. Ukipita pembeni, kiungo kimeteguka.

Likigunduliwa mapema, mara nyingi mtoto hupewa dawa ya usingizi, ulna ikanyooshwa, radiusi ikarudi, mkono ukatiwa plasta na kufuatiliwa kwa picha. Likichelewa kwa wiki kadhaa, kwa kawaida huhitajika upasuaji mkubwa, na mkono huenda usikunjike vizuri tena.

Hatari nyingine ni kufunga kwa kubana. Mwaka 1881, Richard von Volkmann wa Ujerumani alieleza jinsi bendeji iliyokaza inavyozuia damu hadi misuli kufa na vidole kujikunja. Basi mtoto mwenye plasta akilalamika maumivu yanayozidi, vidole vikiwa baridi au vimekufa ganzi, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Wazazi wenzetu, kiwiko kikivimba tusikikande wala kukivuta. Tuutegemeze mkono kwa kanga, twende hospitali, na tusione haya kuuliza: "Daktari, kiwiko chenyewe kimeonekana kwenye picha?"