Sauti ya mwimbaji hutunzwa shambani na jikoni, si kwenye mazoezi pekee

MTU anayeiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, karibu na Mzumbe, na kuanza kupanda kuelekea Mgeta, badiliko la kwanza analolihisi ni la hewa. Joto la Morogoro mjini hubaki nyuma, na kadiri gari linavyopanda ndivyo ukungu unavyozidi kuteremka juu ya matuta ya kabichi, karoti na viazi. Huku ndiko waliko wakulima wanaopeleka mboga katika masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Ifikapo Jumapili, wengi wao huvaa sare na kupanga mistari kanisani, kwani ni wanakwaya.

Mwanakwaya wa milimani hana sauti moja ya Jumapili na nyingine ya siku za kazi. Koo lililomwita jirani aliye ng'ambo ya bonde siku ya Jumatatu, likavuta moshi wa kuni Jumanne na mvuke wa dawa ya nyanya Jumatano, ndilo litakalotakiwa kupanda noti ya juu wakati wa misa. Tatizo huonekana zaidi katika Juma Kuu. Mazoezi ya Kwaresima huwa yamefanyika karibu kila jioni, mvua za masika zimeleta mafua, na sasa kwaya inatakiwa kuimba Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Mkesha na Pasaka yenyewe. Si ajabu kwamba baadhi ya waimbaji wazuri huifikia Pasaka wakiwa wanafungua vinywa tu.

Walimu wengi wa kwaya hulichukulia jambo hilo kama bahati mbaya. Kwa sehemu kubwa si bahati mbaya.

Sauti hutengenezwa katika zoloto, lile gumba linaloonekana shingoni likipanda na kushuka mtu anapomeza. Ndani yake kuna nyuzi mbili za sauti, ambazo kwa hakika ni mikunjo miwili ya misuli iliyofunikwa ngozi laini yenye ute. Kwa mwanamume mzima urefu wake ni takriban sentimita 2, na kwa mwanamke ni pungufu ya hapo. Pumzi ya mapafu inapopita katikati yake, mikunjo hiyo hugongana na kuachana kwa kasi kubwa. Mwimbaji wa sauti ya kwanza anaposhika noti ya la ya katikati, ile inayotumiwa kulinganisha ala, nyuzi zake hugongana mara 440 kwa kila sekunde. Katika wimbo mmoja wa dakika 4, hiyo ni migongano inayohesabika kwa makumi elfu.

Aliyeziona nyuzi hizo zikifanya kazi na kuufanya ulimwengu uzitambue hakuwa daktari, bali mwalimu wa uimbaji. Manuel García, Mhispania aliyefundisha London, alitumia vioo viwili na mwanga wa jua mwaka 1854 kutazama koo lake mwenyewe. Kioo kidogo cha aina ile bado kinatumika katika kliniki za koo hadi leo. García mwenyewe aliishi miaka 101.

Kutokana na migongano hiyo, jambo la kwanza linalohitajika ni ulaini, na ulaini hutokana na maji. Hapa waimbaji wengi hukosea wakati wa kunywa. Maji yanayomezwa hupita katika umio kwenda tumboni na hayazigusi nyuzi za sauti hata kidogo, kwa kuwa njia ya hewa hujifunga mtu anapomeza. Kwa hiyo kikombe kinachonywewa mlangoni mwa kanisa hulainisha kinywa na koo la juu tu. Maji yanayozifaa nyuzi ni yale yaliyonywewa mapema na kuingia mwilini. Mkulima anayetoka alfajiri na kurudi jioni bila kunywa chochote, kwa sababu baridi ya milimani haimpi kiu, huingia mazoezini akiwa amekauka. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, maji hayajatosha.

Kwa sababu hiyo hiyo, asali, tangawizi na ndimu, ambazo kila kwaya ina mtaalamu wake wa kuzichanganya, hutuliza koo linalowasha na huongeza mate, lakini hazifiki kwenye nyuzi. Hakuna ubaya kuzitumia. Yai bichi halina faida yoyote kwa sauti na laweza kuleta maradhi ya tumbo. Kuhusu maziwa, ushauri wa kuyakataza umeenea mno, na Mgeta una uzito wake wa pekee, kwani katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipeleka huko mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, na ufugaji huo umeendelea. Ukweli ni kwamba maziwa hayaongezi makohozi. Yakichanganyika na mate huacha utando mzito unaomfanya mtu atake kujikohoza. Basi ayanywe baada ya kuimba. Kuyaacha kabisa ni kujinyima chakula bila sababu.

Kujikohoza kwenyewe ni tabia mbaya kuliko maziwa. Kila mtu anaposafisha koo kwa nguvu, nyuzi zake hupigana kwa kishindo, huwasha, hutoa ute zaidi, naye hujikohoza tena. Kumeza mate au funda la maji huvunja mzunguko huo.

Moshi, dawa na mizigo

Majumba mengi ya milimani bado hupika kwa kuni, na jiko hufungwa ili baridi isiingie. Anayeumia zaidi ni mwanamke, ndiye anayekaa karibu na mafiga, na mara nyingi ndiye pia nguzo ya sauti ya kwanza na ya pili. Moshi hukausha na kuvimbisha ngozi ile ile laini iliyotajwa hapo juu. Kutumia kuni zilizokauka vizuri, kufungua dirisha au kuacha nafasi chini ya paa, na kupeana zamu jikoni siku za mazoezi makali ni mambo yanayowezekana bila gharama kubwa. La mwisho linahitaji wanaume wakubali, na pengine ndilo gumu kuliko yote.

Dawa za kuulia wadudu zinastahili tahadhari zaidi. Anayenyunyizia nyanya au kabichi akiwa ameukabili upepo, bila kufunika pua na mdomo, huvuta matone yanayounguza njia ya hewa. Kitambaa cha kawaida hakizuii mvuke wa kemikali. Kinachofaa ni barakoa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kazi ifanywe asubuhi upepo ukiwa umetulia, wala isipangwe siku ya kuimba.

Ipo pia habari ya mizigo, ambayo wachache huifikiria. Mtu anapojitwika kapu la karoti na kupanda nalo mlima, nyuzi za sauti hujifunga kwa nguvu ili kuzuia hewa kifuani na kuupa mwili uimara. Akiita mtu au kuimba katika hali hiyo, anazilazimisha kufanya kazi mbili zinazopingana. Kuitana kutoka mteremko mmoja hadi mwingine nako, desturi ya watu wote wa milimani, ni kupiga kelele kwa sauti ya juu kabisa koo likiwa bado baridi. Simu za mkononi zimepunguza kiasi mzigo huo, na huenda hiyo ndiyo huduma yao kubwa kwa kwaya, ukiacha zile zinazolia katikati ya mahubiri.

Tangu kwaya nyingi zilipopata kinanda cha umeme na spika, umekuja ushindani mwingine. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu aliyezungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujua. Ndivyo ilivyo kanisani: mpiga kinanda akiongeza sauti, waimbaji nao huongeza, na mpiga kinanda asipowasikia vizuri huongeza tena. Dawa ni kupunguza spika, si kuwaagiza waimbaji wakaze.

Mazoezi nayo yaanze taratibu. Dakika 10 za kuvumisha sauti midomo ikiwa imefumbwa, au kuitetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari, huandaa nyuzi bila kuziumiza. Ingo Titze, mtaalamu wa sayansi ya sauti wa Marekani, amesaidia kueneza zoezi la kutoa sauti kupitia mrija mwembamba. Mrija wa soda watosha: mwimbaji huubana kwa midomo na kupanda na kushuka ngazi ya noti, na hewa inayozuiliwa mbele husaidia nyuzi kugongana kwa upole. Mwalimu naye asimlazimishe mtu kuimba sauti isiyo yake kwa kuwa mstari una pengo. Kijana anayebalehe hasa, ambaye sauti yake inavunjika, aachwe aimbe pale panapompendeza.

Usiku una athari zake. Anayekula ugali mwingi na kulala papo hapo baada ya mazoezi hukaribisha asidi ya tumbo ipande hadi kooni, wakati mwingine bila kuhisi kiungulia. Huamka na sauti nzito inayokwaruza na kulaumu baridi. Ni vyema zipite saa 3 kati ya mlo na kulala. Pombe hukausha mwili na huongeza asidi hiyo. Wapo watakaomtaja Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013 akiwa na umri mkubwa sana, ambaye hakuficha kwamba alivuta sigara na kunywa. Ni kweli, lakini sauti yake nzito ya kukwaruza, iliyopendwa kwa taarabu na unyago, isingeimba sauti ya kwanza katika misa ya Pasaka.

Sauti inapokatika

Mwimbaji aliyepoteza sauti kwa mafua anapaswa kunyamaza siku 2 au 3. Asinong'one kwa nguvu, kwani wengi wanaponong'ona hukaza zoloto kuliko wanaposema kwa upole. Mvuke wa maji ya moto husaidia, mradi sufuria iwe imara na mbali na watoto. Pipipi za mnanaa huficha maumivu, na hapo ndipo hatari ilipo. Aspirini nayo isitumiwe na anayelazimika kuimba akiwa na koo lililovimba, kwa kuwa hurahisisha damu kuvuja ndani ya nyuzi. Mwimbaji Adele wa Uingereza alilazimika kuahirisha maonyesho na kufanyiwa upasuaji Boston mwaka 2011 baada ya nyuzi zake kuvuja damu.

Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki 3, si suala la kwaya tena. Huenda ni vinundu vinavyotokana na kutumia sauti vibaya, ambavyo mara nyingi hupungua kwa mapumziko na mafunzo bila kisu. Lakini huenda pia ni kifua kikuu cha zoloto, au saratani, hasa kwa mvutaji wa tumbaku. Ikiambatana na kukohoa damu, kupumua kwa shida, kushindwa kumeza au uvimbe shingoni, mgonjwa asingoje wiki hizo zitimie. Safari huanzia kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na ikibidi idara ya masikio, pua na koo ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kwa mkulima wa Mgeta hiyo ni nauli na siku kadhaa mbali na shamba, na ndiyo maana wengi huahirisha hadi baada ya mavuno. Kwaya iliyo na mfuko wa sare na wa kurekodi nyimbo ingeweza kutenga sehemu yake kwa nauli hiyo.