Spika Haijafa! Historia ya Bluetooth Inayokata Muziki Kwenye Kompyuta, Kutoka kwa Mfalme wa Denmark Mpaka Mugoma

Kuna mfalme alikufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Afrika hakuwahi kukanyaga, lakini jina lake linatajwa Mugoma kila penye sherehe. "Washa Bluetooth." "Bluetooth imekata." "Hii Bluetooth inazingua." Jamaa anaitwa Harald, alitawala Denmark karne ya 10, na jina lake la utani lilimaanisha Jino la Buluu.

Mugoma ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Na kama ilivyo kata nyingi za Tanzania, hapakosi kijana mwenye laptopu. Huyo huyo anaingiza nyimbo kwenye memori kadi, huyo huyo anaprinti barua, na Jumamosi huyo huyo anapiga muziki harusini. Jina lake halijaandikwa popote. Laptopu yake mara nyingi ni ya mtumba, spika ni ya Bluetooth, na hela ya kazi analipwa nusu kwanza, nusu baadaye.

Sasa fikiria. Muziki unaenda vizuri, maharusi wanaingia, kina mama wameshanyanyuka na vigelegele. Ghafla kimya. Au sauti inabaki lakini imekuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya ndoo. Programu ya muziki imeganda, ukibonyeza haijibu. Watu wanaanza kupiga miluzi. Ile nusu ya pili ya hela ndo imeondoka hivyo.

Kesho yake spika inapelekwa kwa fundi. Inafunguliwa, inapulizwa vumbi, inatangazwa imekufa. Inanunuliwa nyingine. Nayo inakata vilevile. Kumbe spika ya kwanza haikuwa na kosa lolote! Kujua kosa liko wapi inabidi kurudi nyuma kidogo, mpaka mwaka ambao Ngara hauwezi kusahaulika.

1994: mwaka mmoja, habari mbili

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya kama saa 24 tu. Kambi ya Benaco ikawa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mwaka uliofuata, 1995, shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha kituo cha redio hapo Ngara: Redio Kwizera. Jina lenyewe linatoka kwenye neno la kuamini na kutumaini, kwa Kirundi na Kinyarwanda.

Redio ile ina somo kwa mtu wa laptopu. Mtambo wa FM unarusha tu. Haujui nani anasikiliza, hausubiri jibu, wala hauhitaji ruhusa ya mtu. Watu elfu wakiwasha redio zao, wote wanadaka. Mmoja betri zikimwishia, mtambo hauna habari.

Mwaka ule ule wa 1994, mbali kabisa na Rusumo, wahandisi wa kampuni ya Ericsson katika mji wa Lund, Sweden, walikuwa wameanza kutengeneza redio ya aina nyingine. Redio ndogo, ya mita chache, ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Hii hairushi hovyo. Vifaa viwili vinajuana, vinakubaliana, halafu vinaongea kwa zamu: huyu akisema, yule anajibu. Makubaliano yakivunjika, sauti inakufa.

Hiyo ndiyo tofauti. FM ni mtu anayetangaza kwa kipaza sauti sokoni. Bluetooth ni watu wawili wanaonong'ona, na mmoja akigeuka tu, mazungumzo yameisha.

Mfalme aliingiaje hapa?

Kampuni zilizokuwa na wazo hilo zilikuwa zaidi ya moja, na kila moja ilikuwa na mpango wake. Mwaka 1997 mhandisi mmoja wa Intel akapendekeza jina la muda. Alikuwa amesoma habari za Harald, mfalme anayesifiwa kwa kuziunganisha Denmark na Norway. Akaona linafaa, maana nao walitaka kuunganisha kompyuta na simu. Majina rasmi yaliyotarajiwa yalikwama: moja lilikuwa limeshatumika kila mahali, lingine halikuwahi kukaguliwa kwa wakati. Jina la muda likabaki mpaka leo. Hata ile alama unayoiona kwenye simu ni herufi mbili za kale za huko kaskazini, H na B, zimebebana.

Mwaka 1998 kampuni tano, yaani Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, zikatangaza umoja wa kuisimamia teknolojia hiyo.

Kwa watu wa ukanda wa Ngara, mfalme kuhusishwa na muziki si jambo geni. Kwa Kirundi, neno ingoma ni ngoma ya kupiga na pia ni utawala. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Tofauti ni kwamba mpiga ngoma akikosea kila mtu anamwona. Bluetooth ikikosea, analaumiwa asiyehusika.

Staa wa Hollywood na mchezo wa kurukaruka

Bluetooth inatumia masafa ya gigahezi 2.4, masafa ambayo yako wazi kwa kila mtu. Wi-Fi nyingi zimo humo humo. Ili isigongane nazo, Bluetooth ya muziki inarukaruka kati ya njia 79, mara 1,600 kila sekunde. Spika na kompyuta zinajua mpangilio mmoja, zinaruka pamoja.

Wazo la kurukaruka ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Tarehe 11 Agosti 1942, mwigizaji wa Hollywood mzaliwa wa Austria, Hedy Lamarr, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipewa hataza Marekani kwa mfumo wa kuongoza torpedo bila adui kuingilia mawimbi. Walitumia wazo la piano inayojipiga kwa karatasi yenye matundu, na walitaja masafa 88, idadi ile ile ya vitufe vya piano. Mitandaoni wanasema yeye ndiye aliyegundua Bluetooth. Hapana. Ila kanuni ya kurukaruka ni ile ile, na jeshi la majini halikuutumia mfumo wao wakati wa vita ile.

Ilizaliwa kwa ajili ya simu, siyo muziki

Hapa ndo penye kiini cha tatizo lote. Kifaa cha kwanza cha Bluetooth kwa watu wa kawaida, mwaka 1999, kilikuwa cha kuvaa sikioni na kupigia simu. Sauti ya kuongea tu. Utaratibu maalumu wa kupeleka muziki wa pande mbili, kushoto na kulia, ulikuja mwaka 2003.

Maana yake ni kwamba mpaka leo, spika au hedifoni yenye maiki inaingia kwenye kompyuta ikiwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ni muziki: sauti nzuri, lakini inaenda upande mmoja tu. Kazi ya pili ni simu: inaenda na kurudi, lakini sauti ni duni. Muziki wa CD una vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde. Upande wa simu ulianza na 8,000, baadaye ukafika 16,000. Njia ya hewani ni nyembamba, kazi zote mbili kwa pamoja haziingii.

Kwa hiyo DJ akiwa anapiga muziki, halafu programu yoyote kwenye laptopu ikaomba maiki, iwe simu ya WhatsApp, iwe mkutano wa mtandaoni, iwe programu ya kurekodi, kompyuta inahama kutoka kazi ya muziki kwenda kazi ya simu. Hiyo ndiyo sauti ya ndoo. Na programu ya muziki iliyokuwa imeshika ule mlango wa kwanza inakuta mlango haupo. Nyingine zinahama nazo, nyingine zinaganda, nyingine zinajifunga zenyewe.

Kuna wanaojiuliza: mbona zamani tulikuwa tunatumiana nyimbo kwa Bluetooth, simu kwa simu, na hakuna kilichokata? Faili linaweza kusubiri. Kipande kikipotea kinatumwa tena, wewe unaona asilimia zimesimama kidogo tu. Muziki unaopigwa hausubiri. Akiba ya sauti ndani ya spika ni ndogo mno, ikiisha kabla kipande kingine hakijafika, kimya.

Kabla ya kutupa spika, fanya haya

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Iunganishe spika na simu, iache iimbe nusu saa. Ikiimba bila kukata, spika ni nzima. Mgonjwa ni kompyuta.

Pili, funga mlango wa simu. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, nenda sehemu ya kurekodi, tafuta maiki ya hiyo spika na uizime. Kama unahitaji kuongea, tumia maiki ya laptopu yenyewe. Hatua hii peke yake inamaliza ile sauti ya ndoo kwa wengi.

Tatu, angalia jirani za USB. Tundu za USB 3.0, nyingi zina rangi ya buluu ndani, zinatoa kelele ya mawimbi kwenye masafa yale yale ya 2.4. Kijana mwenye diski ya nje iliyojaa muvi, kaichomeka ubavuni mwa kidude cha Bluetooth, atalia kila siku. Kitenganishe: peleka kidude upande mwingine, au tumia waya mfupi wa kurefusha USB.

Nne, Wi-Fi. Kama laptopu inapakua kitu wakati wa sherehe kwa masafa ya 2.4, simamisha. Kwenye laptopu nyingi, Wi-Fi na Bluetooth ziko kwenye kadi moja na zinagawana antena. Na umati nao ni ukuta, maana mwili wa binadamu una maji na maji yanameza mawimbi hayo. Weka laptopu mahali inapoonana na spika.

Tano, zuia kompyuta isiizime Bluetooth ili kubana umeme. Bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc, fungua kifaa cha Bluetooth, nenda sehemu ya umeme, toa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima. Muziki unaokufa kila laptopu ikitoka usingizini, mara nyingi unaanzia hapa.

Sita, chagua Restart, siyo kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa hazizimiki kabisa, zinahifadhi sehemu ya hali yake ili ziwake haraka. Kosa la jana linaamka nalo. Restart inaanza upya kweli.

Saba, futa ujirani wa zamani. Spika nyingi zinakumbuka simu zilizowahi kuunganishwa. Mgeni aliyewahi kuiunganisha akipita karibu na Bluetooth yake imewashwa, spika inaweza kumfuata. Futa kumbukumbu yake kwa jinsi kijitabu chake kinavyoelekeza, kiondoe kifaa kwenye kompyuta pia, halafu unganisha kama wageni.

Nane, draiva, ile programu inayoifundisha Windows kuongea na kifaa. Ichukue kwa mtengenezaji wa laptopu yako. Achana na programu zinazojitangaza eti zinasasisha draiva zote kwa mpigo, nyingi zinaongeza ugonjwa.

Dawa ya kudumu ipo?

Januari 2020 ulitangazwa mfumo mpya wa sauti ya Bluetooth, LE Audio, uliobuniwa upya na unaotumia umeme kidogo. Ndani yake ile vita ya maiki na muziki inaweza kumalizwa. Ila lazima kompyuta iwe nao na spika iwe nao. Laptopu ya mtumba ya miaka kumi nyuma haina.

Kwa kazi ya hela, basi, jibu ni la kizamani: waya. Tundu la milimita 3.5 linatokana na plagi za mitambo ya simu ya karne ya 19, na kijiwaya chake kinauzwa bei ya soda kadhaa. Hakirukiruki, hakisubiri ruhusa, hakina kazi mbili. Bluetooth ibaki ya nyumbani na ya mazoezi. Siku maharusi wanaingia, chomeka waya.

Na kama kuna spika imelala chini ya kitanda tangu mwaka jana kwa sababu fundi alisema imekufa, itoe, ichaji, iunganishe na simu. Ikiimba, unadaiwa samahani na mtu mmoja: yule kijana wa laptopu uliyemkata hela.