Makaratasi ya Meya ni ya nani?

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Si kwa kupenda, ni testi mbili zilifuatana halafu ikaja semina juu yake, yaani hata muda wa kufua sikuwa nao. Leo Jumapili nimetulia chumbani, mwenzangu mmoja kaenda kanisani, mwingine bado kalala, nikasema ngoja niandike kabla sijasahau.

Stori yenyewe inaanza na karanga. Alhamisi jioni nilinunua karanga za mia tano pale nje ya geti, zile za kufungwa kwenye kipande cha karatasi. Nikala, nikamaliza, nikataka kukitupa kile kikaratasi, jicho likaona muhuri. Nikakikunjua. Ilikuwa barua iliyopigwa taipu, ya mwaka 1989, mwananchi mmoja anamwandikia Mstahiki Meya wa manispaa moja (sitaitaja) kuhusu bomba la maji la mtaani kwao lililokatika. "Kwa heshima na taadhima..." halafu nusu ya chini haipo. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu "Mhandisi, tuzungumze". Basi. Kama walizungumza, kama maji yalirudi, hiyo habari imefunga karanga za mtu mwingine.

Nikarudi kwa yule jamaa. "Kaka, haya makaratasi mnayatoa wapi?" Akacheka. "Tunanunua kwa kilo braza. Wewe karanga zina mchanga?" Hazikuwa na mchanga. Nikaondoka.

Siku nyingine na mimi ningecheka. Lakini wiki hiyo hiyo nilikuwa natakiwa kusimama mbele ya semina. Dokta wetu wa historia alikuwa ametugawia mada kwa kura kuhusu namna miji mbalimbali inavyotunza nyaraka zake, na mimi nikaokota New York na makaratasi ya mameya wake. Nililalamika sana. Mimi nasoma ualimu, Historia na Kiswahili, kesho keshokutwa nitakuwa nafundisha kidato cha pili huko Tunduru, New York inanihusu nini? Baada ya zile karanga nikaacha kulalamika. Haya, nawapa kile nilichowapa wenzangu darasani, kwa lugha ya nyumbani.

Tuanze na Fiorello La Guardia. Huyu alikuwa Meya wa New York kuanzia 1934 hadi 1945, vipindi vitatu, miaka ya uchumi kuanguka na baadaye Vita Kuu ya Pili. Ni yule aliyewasomea watoto katuni redioni mwaka 1945 wakati wasambazaji wa magazeti walipogoma. Mji mzima ulikuwa unamwandikia. Sasa fikiria, miaka 12 ya barua, ripoti, hotuba, malalamiko, pongezi na matusi. Vyote hivyo vinakwenda wapi meya akitoka?

Kulikuwa na mama mmoja anaitwa Rebecca Rankin. Si mwanasiasa, alikuwa mkutubi. Aliongoza maktaba ya marejeo ya manispaa kuanzia 1920 hadi 1952, na kwa miaka mingi alikuwa anawaambia wakubwa jambo moja tu, kwamba mji unahitaji mahali rasmi pa kuweka nyaraka zake za zamani. Mwaka 1950 ndipo Nyaraka za Manispaa zikaanzishwa. Hesabu mwenyewe hapo. Alishika kazi 1920, jambo likakamilika 1950, miaka miwili kabla hajastaafu. Mkiambiwa kazi ya nyaraka ni ya watu wavivu wanaosinzia msikubali.

La Guardia alifariki 1947. Karatasi za ofisi yake zilibaki kwa mji. Lakini meya naye ni binadamu, ana mke, ana marafiki, ana picha za kifamilia na barua zisizo za kiofisi. Hizo zilikuwa kwa mjane wake, Marie. Mwaka 1982 akazitoa kwa chuo kimoja cha jamii kule Queens kilichopewa jina la mumewe, na chuo kikaanzisha hifadhi yake ya nyaraka, ambayo baadaye ilipokea na mali za mameya wengine. Kwa hiyo leo anayetaka kumjua La Guardia ana milango miwili, wa meya upo kwa mji, wa baba wa nyumba upo chuoni. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake.

Kwa maneno inaonekana rahisi, kwenye boksi si rahisi hivyo. Chukua mfano wa barua ya mhandisi kuhusu barabara, nyuma yake meya kaandika namba ya daktari wa mtoto wake. Hiyo ni ya nani? Au daftari la miadi, asubuhi kakutana na mkuu wa polisi, mchana kala na shemeji, jioni kaonana na mfanyabiashara mwenye tenda. Ukilichana mara mbili umeliharibu. Ndiyo maana wanaojua kazi hii wanasema usipange upya. Acha makaratasi katika mpangilio aliouacha mwenyewe, kwa sababu karatasi inasema pamoja na jirani zake. Barua ina maana kwa sababu ya ile iliyotangulia na ile iliyojibu. (Kumbuka kikaratasi changu cha karanga. Kina tarehe, kina muhuri, kina hadi wino mwekundu, lakini hakina jirani.)

Sasa twende kwenye ugomvi wenyewe, hapa darasa liliamka hata wale wa nyuma.

Rudolph Giuliani alikuwa Meya wa New York kuanzia 1994 hadi mwisho wa 2001. Tarehe 11 Septemba 2001 ndege zikagonga yale majengo mawili, yeye akiwa amebakiza miezi isiyofika minne ofisini. Kila alichoandika, kila aliyempigia, kila kikao cha siku zile ni historia ya dunia, si ya New York peke yake. Halafu tarehe 24 Desemba 2001, mkesha wa Krismasi, siku chache kabla hajakabidhi ofisi, ukatiwa saini mkataba kati ya idara ya kumbukumbu ya mji na taasisi binafsi yenye jina lake mwenyewe. Kwa mkataba huo maboksi zaidi ya 2,000 yakaondoka mikononi mwa mji, yakaenda kwenye ghala la kukodi huko huko Queens, ili taasisi hiyo iyapange.

Watu walipokuja kujua, mwaka 2002, pakachimbika. Wanahistoria na watunza nyaraka wakapiga kelele.

Nataka nimtendee haki, maana Dokta anatufundisha tusihukumu bila kusikiliza upande wa pili. Upande wake walisema idara ya mji haina fedha wala watu, ikiachiwa kazi hiyo itachukua miaka mingi, wakati taasisi itachanga fedha binafsi na kuajiri wataalamu, na mwisho karatasi zinabaki kuwa mali ya mji. Si hoja ya kipuuzi hata kidogo. Anayejua masjala zetu anajua njaa ya idara za namna hii.

Lakini wapinzani walikuwa na swali moja, na mimi naona ndilo moyo wa mada yote. Hawakusema kwamba Giuliani atachoma barua. Waliuliza hivi, makaratasi yakipita kwenye mikono ya mtu anayezungumzwa ndani yake, kabla mji haujayahesabu na kuyaorodhesha, baadaye nani ataweza kuthibitisha kwamba hakuna kilichopungua? Hata kama hakijapungua! Msikie vizuri hapo. Karatasi inaaminika kwa yale yaliyoandikwa, na pia kwa kujulikana imelala wapi kila usiku tangu ilipoandikwa. Usiku mmoja ukikosekana, shaka inaingia, na shaka haifutiki kwa kuapa.

Maboksi yalikuja kupangwa na kurudi kwenye nyaraka za mji. Na mwaka 2003 Baraza la Jiji likapitisha sheria ya kuziba mwanya ule, kwamba karatasi za meya zibaki chini ya mji. Angalia tarehe zenu tena. Mji ulikuwa na Nyaraka za Manispaa tangu 1950, idara kamili ya kumbukumbu tangu 1977, na bado mwanya ulikuwepo. Rafu zilikuwepo, ila hapakuwa na neno la wazi la kusema hizi ni za nani.

Darasani jamaa mmoja akanyoosha mkono, "Mwenzetu, ina maana meya hana siri? Kila mtu akasome barua zake?" Swali zuri. Siri ipo. Nyaraka nyingi duniani hufungwa miaka kadhaa ndipo zinafunguliwa, na mambo ya afya au ya familia hufungwa zaidi. Ila kufunga si kuchukua. Kabati likiwa limefungwa na ufunguo unao mji, siku yake itafika. Kabati likihamia sebuleni kwa mtu, siku yake inategemea huruma yake na ya wajukuu zake.

Mwingine akauliza kuhusu kwetu. Sisi wa Kiswahili tunamfahamu wote Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, baadaye Waziri wa Sheria, aliyefariki 1964 akiwa bado kijana. Uwanja wa Arusha una jina lake. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha 1954 tunakisoma hadi leo, kwa sababu kitabu huchapwa nakala nyingi. Kikiliwa na mchwa Tanga, kipo Kigoma. Jalada la ofisi halina bahati hiyo, lipo moja tu. Sheria tunayo, ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002. Lakini sheria haiendi yenyewe masjala kumzuia mtu anayeuza makaratasi kwa kilo.

Sasa mniruhusu niseme kwa nini jambo hili limenikaa rohoni, maana darasani sikusema.

Mwaka 2015 nikiwa darasa la sita, alitokea mtu na hati mkononi akasema kiwanja cha babu ni chake. Babu alishafariki. Bibi akaenda ofisini, akaambiwa faili halionekani, njoo Jumatatu. Jumatatu halionekani. Alikwenda Jumatatu nyingi mpaka walinzi wakamjua jina. Mwisho akavuta sanduku la bati chini ya kitanda akatoa nakala ya kaboni, barua ambayo babu alimwandikia Mstahiki Meya mwaka 1983 kuhusu mpaka wa kiwanja kile kile, na juu yake muhuri, IMEPOKELEWA, na tarehe. Nakala hiyo ndiyo iliyotuokoa. Jirani yetu, mzee aliyejenga mwaka mmoja na babu, hakuwa na sanduku. Aliondoka na vitanda vyake juu ya mkokoteni, na mimi nilishika kamba upande mmoja nikisaidia kusukuma.

Alhamisi usiku nilimpigia bibi nikamsimulia habari za karanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula barua ya meya. Alicheka sana, halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Karatasi haili ugali, mume wangu. Kuitunza kuna gharama gani?"

Kwa kweli gharama ipo, bibi. Inataka chumba kisichovuja, maboksi mazuri, mtu wa kutoa pini zenye kutu, mtu wa kuandika orodha. Lakini nimemwelewa. Nilidhani karatasi za meya hutunzwa ili meya asifiwe. Kumbe katika yale maboksi ya New York na katika masjala zetu, meya ni mmoja tu, na walioandika kwake ni maelfu. Ukipoteza jalada la meya yeye bado atakuwa na uwanja au barabara yenye jina lake. Aliyeomba bomba, aliyelalamikia mpaka, hana kingine cha kuonyesha kwamba alikuwepo na aliuliza.

Ile barua nimeinyoosha, nimeiweka katikati ya kamusi. Ina mafuta ya karanga, sijui kama kuna mtu wa Nyaraka pale Upanga atakayeitaka, nusu karatasi isiyo na jalada. Jumanne sina kipindi asubuhi. Nitapanda daladala nikaulize.

Semina nimepata A-, Dokta kasema nilizidisha hisia. Sawa tu. Na nyie mkirudi likizo, ulizeni sanduku la bati la nyumbani kwenu liko wapi.

Alamsiki.